Filimbi ya Essence

Ajida Zihindula, nina deni lako la franga elfu mbili.
Ulinisimamisha Jumatatu, pikipiki bila taa,
mama mmoja nyuma yangu na kuku wake watatu.
Ukasema, "Leo enda. Kesho ulete pesa, ama ulete taa."
Kesho yake nilizunguka Kadutu ili nikukwepe.

Sitakupaka asali kwa kuwa umekufa.
Ulikula zetu, na motari wote wanajua,
ingawa ukipewa elfu ulirudisha mia tano,
chenji kamili, kama muuza duka.
Mshahara ulikuja kama mvua ya Julai
na watoto sita hawatafuni kofia ya njano.
Lakini kola yako ilisimama,
imetiwa wanga wa muhogo na Mama Nabintu.

Saa sita na nusu, watoto wakitoka masomo,
hukutuona tena sisi wenye makosa.
Mkono juu, filimbi mdomoni,
na Bukavu nzima, pamoja na jeep za wakubwa,
ikangoja mtoto avute soksi.

Siku ile lori la mbao liliteremka bila breki.
Dereva alipiga honi mpaka honi ikakauka.
Sisi tuliruka mtaroni. Hiyo ndiyo kweli yetu.
Wewe ulienda mbele.
Ukapuliza, na haikuwa ile filimbi fupi ya ujanja,
ile tuliyoizoea mifukoni.
Hii ilikuwa ndefu.
Watoto wakatawanyika kama sambaza wavu ukipasuka.
Mmoja akarudi kuokota kiatu.

Ukarudi naye.

Anaitwa Cito. Yuko hai, yuko mwaka wa tatu,
anavaa viatu vilivyofungwa kamba mara mbili.

Wakubwa walileta bendera juu ya sanduku,
wakaikunja, wakaondoka nayo.
Filimbi tuliipata siku ya pili kwenye matope.
Mama Nabintu aliisugua kwa jivu.
Hajaipuliza. Hataki mtu aipulize.

Kijana waliyemweka mahali pako anaogopa magari.
Jana nilipita polepole, makusudi,
taa mpya mbele, taa mpya nyuma,
hakuniangalia.

Basi nikapanda mpaka kwako na zile elfu mbili.
Mkeo akauliza ni za nini.
Nikasema, za barabara.
Akazihesabu, akaingia ndani,
akatoka na mia tano,
akaniwekea mkononi.