Mstari wa Nne

Gurudumu la mbele lina spoku thelathini na mbili.
Kaka yangu Hiza alizihesabu kwa ncha ya bisibisi
akaniambia: hiyo ni mistari miwili, kumi na sita, kumi na sita,
ikipungua moja tu, baiskeli inachechemea,
na shairi vilevile.
Ndivyo nilivyofunzwa mizani, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
solusheni ikinuka, grisi hadi viwikoni,
yeye ana miaka ishirini, mimi kumi na miwili.

Redio ilipotangaza vita alikuwa anaziba pancha.
Alimaliza kuziba.
Akaitumbukiza tyubu kwenye karai la maji,
akaangalia kama bado inatoa povu.
Kisha akanawa.

Stesheni hatukulia. Mama alimpa kachori ndani ya gazeti
akamgombeza mbele za watu: funga hiyo kamba ya kiatu, utaanguka.
Treni ikakata katikati ya katani, safu kwa safu,
imebeba vijana ambao ziwa hawajaliona hata kwenye picha.

Barua ilikuja moja.
Kwamba wanakula ndizi asubuhi, ndizi jioni.
Kwamba kamanda ana baiskeli na fundi wake ni yeye.
Kwamba usiku mafunjo yananong'ona, mtu hukaribia kuitikia.
Na chini kabisa, kwa penseli:

    Naandika kwa magoti, karatasi yanilowa,
    Mvua haina wakati, si ile niliyojuwa,
    Mama, nitunzie shati, lisije likagawiwa,

Hapo pakaishia. Pembeni ameandika:
wa nne nitauleta mwenyewe.

Masika yalipoanza akaja mtu wa kambini
anakokota baiskeli, tairi la nyuma limelala.
Nilimzibia. Nikapokea shilingi yake.
Ndipo akauliza, nyumba ya Mama Hiza ni ipi?
Nikamwonyesha kwa kidole, huku najua na sijui.
Shilingi ile sikumrudishia.
Wala sikuitumia.

Siku ya arobaini nguo zikagawanywa.
Suruali kwa mjomba wa Muheza, kofia kwa jirani,
viatu vya Idi kwangu, vikubwa, nikajaza matambara.
Shati jeupe Mama alilikalia.
Hasa: aliliweka chini ya mkeka, akakaa juu yake
mpaka wagawaji walipoondoka.

Mhina alirudi mwaka uliofuata, na mguu mmoja.
Hakupamba.
Haikuwa kwenye shambulio, alisema. Ilikuwa alfajiri, ng'ambo ya mto,
Hiza ameinama kando ya mgomba akifunga kamba ya kiatu.
Kombora moja, la kubahatisha.
Walimzika kabla ya chai.
Mama alisikiliza mpaka kwenye neno kiatu,
akainuka, akaenda jikoni,
tukasikia sufuria zinaoshwa ambazo zilikwishaoshwa.

Tangu hapo nautafuta mstari ule.
Nimejaribu kumrudisha nyumbani kwa silabi kumi na sita.
Nimejaribu hata kumlaza vizuri, na udongo wa kwao.
Mara moja niliupata, wenye vina vyote viwili, wa kati na wa mwisho,
nikausoma kwa sauti dukani, nikauona ni wangu,
si wake.
Nikaufuta.

Mama alikufa na ufunguo wa kasha shingoni.

Mwaka huu, asubuhi ya Idi,
mjukuu wangu amefungua kasha bila kuuliza.
Katoka nalo uani. Weupe umegeuka rangi ya tui,
mabegani limemkaa kama alipimwa yeye,
kifuani limeshindwa.
Nilikwishafungua mdomo nifoke.
Halijagawiwa, nikawaza. Limechukuliwa.
Naye akajitazama kwenye kioo cha pikipiki, akasema:

    Babu, shati limebana, kifungo kimechomoka.

Nikahesabu kwa vidole, nyuma ya mgongo, asinione.
Nane. Halafu nane.
Vina havimo kabisa.

Sogea, nikamwambia.
Na hicho kifungo usikipoteze. Leta sindano.