Sahani ya Sita

Jumatatu, maabara ya Mbale, mvua ya Vihiga
ikigonga bati kama mtu aliyesahau ufunguo,
nikapanga sahani tano za agari,
rangi ya asali iliyochujwa.

Ya kwanza: kidole cha Asava, mwanafunzi, hakijaoshwa.
Ya pili: maji matupu ya bomba.
Ya tatu: sabuni ya mche, asugue
huku akitaja ndugu zake wote, mara mbili.
Ya nne: spiriti, iachwe ikauke yenyewe, usipulize.
(Alipuliza. Nikamrudisha mwanzo.)
Ya tano: ayodini, ikamwacha na vidole
vya aliyeshinda akimenya ndizi mbichi.

Kageha akasimamisha ndoo mlangoni.
"Na mimi je? Miaka kumi na tisa
mikono hii inashinda ndani ya jiki.
Hakuna mdudu wa kuishi hapa."

Jedwali langu halikuwa na safu yake.
Nikafungua sahani ya sita.

Jumatano nikahesabu, kalamu mgongoni mwa sahani.
Kidole kichafu: haihesabiki.
Maji: haihesabiki, ila kwa adabu kidogo.
Sabuni: madoa mia moja na kumi na mawili.
Spiriti: tisa.
Ayodini: manne, na moja nalishuku ni langu,
niliinama nikapumua.

Ya Kageha ilijaa ukingo hadi ukingo.
Nikaigawa robo, nikahesabu tena.
Ndipo nikaikumbuka ile mikono:
kila kiungo kimepasuka
kama tope la Yala mwezi wa Januari.
Dawa ilifukuza wapangaji ikabomoa na kuta,
wakarudi usiku, wakalala nyufani,
pasipofika kitambaa wala sabuni.

Ngozi ivute ingali maji, walinena.
Yake ilikauka nami ningali darasa la nne.

Barua ya glavu nimeandika, jozi sita, saizi kubwa.
Nimejibiwa tungoje bajeti.
Ripoti nayo imekwenda na sahani tano.

Lakini alikuja kuuliza, na sikuweza kudanganya.
Akafuta mikono kwa leso, akaiinua sahani
kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akakaa kimya
hata nikadhani analia.

"Wanapendeza," akasema. "Huyu wa njano ni nani?"

Nikamtajia jina, refu, la kitabuni.
Akalirudia polepole, silabi kwa silabi,
kama la mgeni aliyelala kwake miaka yote
na hakuna aliyemsalimu.