Paka Hana Kanga

Alfajiri, Magomeni Makuti,
kabla bomba halijaanza kukohoa,
nimekaa uani na chuma changu cha vitumbua
nawatazama wawili hawa wanavyosemezana
bila hata nyau moja.

Bakora kateremka kutoka mabati ya choo.
Jina nilimpa mimi: mkia wake ukisimama
ncha hupinda kama mpini wa fimbo ya bwana harusi,
na hiyo kwake ni salamu alekum.
Leo hausimami. Umelala chini,
ncha peke yake inacheza, tiki, tiki,
kama kidole cha mtu anayehesabu deni.

Majivu yuko juu ya karai la Siwema,
karai lililofudikizwa, lina harufu ya vibua vya jana.
Masikio yalikuwa mbele. Yakageuka ubavuni.
Sasa yamelala kabisa, kichwa kimebaki mviringo,
mgongo unapanda, manyoya yanasimama
mpaka paka wa kilo mbili anataka tumwone mbuzi.
Amesimama kiubavuubavu aonekane wote,
kama mwanamke apitaye mlangoni kwa mgomvi wake
na kanga mpya.

Habari za kanga mpya nazijua.
Tangu Rajabu mimi na Siwema hatuongei.
Ni umeme. Mita moja, vyumba sita,
yeye ana friji, mimi taa na redio,
na mchango ni uleule, elfu tano kwa elfu tano.
Nilisema neno. Akasema lake.
Nikamtaja mama yake, na hilo
sikupaswa kulisema.
Jumatatu akapita mbele yangu taratibu, mgongoni:
MDOMO WAKO NDIO MWIZI WAKO.
Nami nikaenda Kariakoo, nikapekua maduka manne.
Nilitaka inayotaja friji. Haikuwepo.
Nikachukua WA KUNISEMA TELE, WA KUNILIPIA HAYUPO,
shilingi elfu kumi na mbili,
umeme wa miezi miwili na ushei.

Paka hana kanga.
Jina lake kaliandika mkiani, bure,
na hata akidanganya, uongo wenyewe unauona:
ni manyoya tu, ndani yake paka yuleyule.

Bakora anageuza uso.
Anautazama ukuta, lile bango la uchaguzi lililochanika,
anautazama kama msomi. Kisha anakaa.
Analamba kiganja ambacho hakina kitu.
Marehemu baba angesema, huyo kashindwa.
Ndivyo nilivyodhani na mimi, miaka yote,
kwamba atazamaye pembeni kashindwa.
Lakini angalia Majivu: manyoya yanashuka,
kwanza ya shingoni, mwisho ya mkiani.
Sikio moja limerudi mbele. La pili linasubiri.
Halafu macho. Anayafumba polepole,
polepole mno, kama anayeonja chumvi ya mchuzi,
anayafumbua, adui yupo palepale
na hajasogea hata kucha.
Bakora naye akafumba.

Hawakupendana. Nisiwasingizie.
Wamegawana uwanja tu: huyu karai, huyu ngazi,
na katikati njia ya kupita.

Mlango wa Siwema ukalia.
Akatoka na ndoo, usingizi bado usoni,
kajifunga kanga kuukuu, ile ya kulalia,
sabuni imekula maandishi yote.
Nilitafuta herufi hata moja. Hakuna.
Macho yakakutana.
Nikaona mabega yake yakipanda.

Nikatazama chuma.
Sikuinuka, sikusonya, sikuongeza sauti ya redio.
Moshi ukaniingia, nikafumba macho,
na nilipofumba sikuharakisha kufumbua.

Nikasikia karai likiinuliwa.
Kichwa cha kibua, pwaa, kwa Majivu,
kingine kikatupwa mbali kidogo, kwenye ngazi.
Kisha ndoo ikaburutwa hadi bombani
ikawekwa nyuma ya yangu,
mpini ukagonga mpini.

Kitumbua kimeungua upande mmoja.
Nikakigeuza hivyohivyo.