Karani wa Mzani Anahesabu Pumzi

Nesi Mchopa alinivulia saa yake ya mkononi.
Wewe si karani wa ghala? Basi hesabu.
Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja.
Dakika nzima. Usikisie.

Mdogo wangu Dadi alikuwa ameketi, kulala hawezi,
viganja magotini kama mtu anayejiandaa kunyanyua gunia.
Nyusi zake bado za njano.
Tangu alfajiri alikuwa mikoroshoni, Mkunya,
umande ukingali majanini, maana ndio muda salfa inashika,
mashine mgongoni, puani kipande cha kanga ya mama
kilichofutika maandishi.

Thelathini na nne.
Niliandika nyuma ya stakabadhi. Sikuwa na karatasi nyingine.

Miaka kumi na moja nimepima korosho za Newala,
nikajua gunia lenye mawe kwa kulitazama tu,
nisijue kwamba ndani yangu kuna mnada
ambao haufungwi hata sikukuu.

Hewa haivutwi, alisema nesi, huku akitikisa chupa ya dawa.
Chini ya mbavu kuna kiwambo. Kikishuka,
mbavu zikafunguka, nafasi inapatikana,
na hewa inakuja yenyewe, kama ndugu wakisikia umelipwa.

Katika kila mia inayoingia
sabini na nane ni naitrojeni: watazamaji wa mnadani,
wanasimama, wanarudi walikotoka mikono mitupu.
Ishirini na moja ndiyo oksijeni,
na hata hiyo mwili hauchukui yote.
Tano hivi zinabaki, kumi na sita zinatoka tena.
Nilimwambia arudie. Akarudia.
Sikudhani mtu ana kiasi namna hiyo.

Halafu akachora mkorosho uliopinduliwa,
shina juu, matawi chini, vitawi, vijitawi,
na kwenye ncha, mahali pa bibo, kifuko cha hewa.
Mamia ya milioni. Ukivitandaza
vinafunika nyumba ya mama, ukumbi na baraza.

Unaijua ile ngozi nyekundu inayong'ang'ania kiini,
akina mama wanaibandua kwa kisu, wanalipwa kwa kilo?
Ukuta wa kifuko ni mwembamba kuliko hiyo, mara nyingi sana.
Huku hewa, kule damu imepanga foleni,
chembe moja moja.
Oksijeni inavuka kwenda. Hewa ukaa inavuka kurudi.
Hakuna dalali, hakuna kangomba,
hakuna malipo ya awali na ya pili.
Palipojaa hupunguza kuelekea palipopungua, basi.
Kanuni hiyo chama chetu cha msingi hakijawahi kuipitisha.

Salfa imefanya nini?
Vijia vimekunja ngumi. Mnada upo, barabara imefungwa.
Kibanio kidoleni kilisema themanini na saba.

Bana pumzi, akaniambia. Nikabana.
Hicho kinachokuchoma si njaa ya oksijeni.
Ni taka, zinagonga zitoke.

Mwezi wa tano zililetwa barakoa ghalani, maboksi mawili.
Niligawa kwa orodha. Dadi hana hisa,
hakuwa kwenye orodha.
Orodha niliiandika mimi.

Saa nane usiku. Dawa ya mvuke inatokota usoni pake.
Nje upepo unapanda kutoka bonde la Ruvuma,
Shimo la Mungu nalo linatoa pumzi zake.

Ishirini na sita. Kidoleni tisini na tatu.

"Unaandika nini?" akauliza, maneno matatu matatu.
"Uzito."
"Wa nini?"
Sikujibu. Nilikuwa nimebana pumzi
nisije nikachanganya zangu na zake.

Kabla hakujapambazuka vizuri, upande wa Mkunya,
mashine ya mtu ilijaribu kuwaka,
ikakohoa, ikakataa,
ikawaka.