Balbu Thelathini na Moja

Hesabu ilisomwa ukumbini,
feni ikiyakata maneno vipande vipande:
taa za sherehe, Makadara hadi Mwembe Tayari,
milioni saba nukta nne;
jukwaa, ngoma, pilau ya wote, milioni mbili;
maji ya chupa... hapo karani akakohoa.

Bi Nyevu wa Mwandoni aliinua mkono
na hakuushusha hata alipopewa ruhusa.
"Mimi si adui wa mwanga," alisema.
"Ila kichochoro cha zahanati kwetu
twapita kwa kupapasa ukuta.
Juzi mkaza mwanangu kashikwa na uchungu usiku,
kaanguka mtaroni, tumbo mbele.
Mtoto yu hai. Nauliza tu
kama hiyo nne iliyo nyuma ya nukta
haiwezi kufika kwetu."
Wakaandika.
Kalamu ya serikali haikosi wino,
inachokosa ni miguu.

Mimi nilikaa nyuma, nangoja kibarua.
Nikapewa ngazi: panda, funga, shuka, sogeza.
Siku tisa shingo yangu iliangalia mbinguni
kuliko miaka yote niliyosali.
Nilitundika nyota ya waya juu ya duka la Hasanali,
nikafunga hilali ya plastiki mkabala na kanisa.
Wa kanisa wakaniletea chai.
Hasanali akauliza stima inatoka mita ya nani.
Kunguru, wao, walinitukana na ukoo wangu
asubuhi mpaka adhuhuri.

Usiku wa kuwasha, watu walifika mpaka vibarazani:
wa Majengo, wa Tudor, wa Likoni waliovuka mapema,
watoto wamevalishwa viatu vinavyolia,
moshi wa mishikaki, midomo myekundu kwa mabuyu,
mama mmoja kabeba keki kichwani
anatembea kama aliyekanyaga mayai.
Mkubwa akahesabu: tatu, mbili, moja.
Giza.
Akahesabu tena, kwa upole zaidi.
Giza, na mtu akacheka upande wa soko.
Nami nakimbilia sanduku la swichi,
tochi mdomoni, jasho machoni,
naiombea dua fyuzi ya ampia thelathini.

Kisha, pwaa!

Sitadanganya, nililia.
Mtaa niliouuza njugu utotoni,
wenye kuta zilizoliwa na chumvi,
ukasimama kama bi arusi aliyefunuliwa shela,
na umati mzima ukasema "Aaa,"
irabu moja tu, isiyo na kabila.
Nikamwona Bi Nyevu, mjukuu mgongoni,
mdomo wazi kama wenziwe.
Macho yetu yalipokutana
akaufunga.

Januari nikatumwa kuzishusha.
Fomu inataka safu mbili: zilizorudi, zilizokufa.
Nikaandika: zilizokufa, thelathini na moja.
Karani akagonga muhuri bila kuinua uso.
Astaghfirullah, zilikuwa hai zote.
Nilizitia katika gunia la makaa,
zikagongana njia nzima
kama meno ya mwenye homa.

Sasa ziko Mwandoni,
toka kioski cha Kadzo hadi mlango wa zahanati,
nyekundu, kijani, nyekundu;
mkunga wa zamu hupita akibadilika rangi.
Moja hupepesa. Watoto husema ni jini.
Ni fundo langu baya.

Na kikao nacho kimeanza, kila Ijumaa jioni:
tokeni kanunua nani, nani hajatoa,
mbona kwa Charo ziko nne, kwa wengine moja,
na nani aliyekula salio la wiki jana?
Bi Nyevu ndiye mweka hazina,
daftari la hesabu la mjukuu mkubwa,
kurasa za nyuma.
Jana alinisomea, miwani puani:
"Wewe fundi, unadaiwa ishirini."
Nikamwambia mimi si wa mtaa huu.
Akainua mkono, kiganja juu,
na hakuushusha
mpaka nilipotoa.