Lebo za Shingoni

Kwanza ilikuwa zamu ya Mwepu.
Dada yangu Kalenga alibaki sokoni Kenya na makala yake,
hivyo mimi, mama mdogo, ndiye niliyempeleka hospitali.
Tulikaa kwenye benchi la chuma, mtoto akipanga vifungo
nilivyombebea kutoka kwenye cherehani yangu:
vya matundu mawili huku, vya manne kule,
na kile chenye tundu la pembeni, peke yake.

Munganga aliuliza huku akiandika.
Anaziba masikio jenereta ikiwaka?
Anaziba.
Anakula chakula kile kile?
Bukari na lengalenga, visigusane sahanini.
Anashika tarehe za vitu?
Nikafungua mdomo kumjibia mtoto
nikajikuta nazitaja zangu:
mjakaranda wa mbele ya posta, ua la kwanza,
Septemba kumi na nane; mwaka juzi, kumi na tano;
mwaka aliokufa mama, sikuandika.

Kalamu ilisimama.
"Mama, nauliza habari ya mtoto."

Nina miaka arobaini na mbili.
Nimeshona magauni ya maharusi mia tatu na sita,
na kwenye harusi yangu mwenyewe, ukumbini Kamalondo,
nilitoka nje kabla ya keki
nikahesabu matofali ya ukuta hadi moyo ukatulia.
Walisema ni pepo. Mchungaji akanimwagia maji.
Walisema ni kiburi: mtu gani haangalii wenzake machoni?
Mama alikuwa akinishika kidevu,
akikigeuza kama bomba lenye kutu.
Nikajifunza nyusi. Mpaka leo
wateja wangu wote nawatambua kwa nyusi.

Munganga alinipa namba tatu za simu.
Usiku, umeme umekatika, nikapiga:
mwalimu wa hesabu wa Likasi,
kijana anayeosha magari, hataki kutaja mtaa wake,
bibi mmoja wa Kolwezi.
Hakuna aliyeniambia pole.
Yule bibi aliuliza tu:
"Na wewe pia unakata lebo za nguo?"

Nilicheka gizani hadi jirani akagonga ukuta.
Nazikata, bibi. Za kila blauzi, kila gauni,
kwa mkasi mdogo, uzi kwa uzi,
maana nyuma ya shingo yangu kuna mlango
na kila kitu kinabisha hodi.
Nina kopo limejaa: pamba, hariri, Dubai, Uchina,
majina niliyokataa kuyavaa.

Usonji.
Nililivaa neno hilo siku nane kabla ya kumwambia Kalenga.
Nikangoja liwashe.

Kalenga alisikiliza, viganja vyeusi kwa makala.
Akasema: sasa zile sala zote tulizosali?
Kisha, baada ya kitambo, akiangalia ndoo:
kwa hiyo siku ile ya harusi
hukuwa umenikasirikia mimi?

Miaka kumi na tisa. Alikuwa amelibeba hilo.

Jenereta ya jirani bado inanichana.
Bado nasahau kusalimia, bado wanasema.
Lakini Jumamosi Mwepu huja, hatuongei sana.
Yeye na vifungo vyake, mimi na pindo langu.
Treni ya mizigo ikipita nyuma ya ukuta
tunaziba masikio kwa pamoja
na kuhesabu mabehewa kwa mtikisiko wa sakafu.
Leo mimi nilipata hamsini na moja,
yeye hamsini na mawili.
Nilitoka nje kumuuliza mlinzi wa reli.
Mwepu alikuwa sahihi.