Kila Ukiitika Bee

Barke alikuja na mfuko wa madadu.
Si ya kamari, alituapia, akayamwaga mkekani,
moja la pande ishirini, jekundu kama punje ya komamanga,
na sisi tupo juu tekani, nyumba ya kina Tima, Mkomani,
stima zimekatika tangu alasiri,
simu imetumbukizwa ndani ya bilauri itumulikie.

Nilitarajia zimwi.
Nilitarajia kisima, paka anayesema,
mwanamke wa kwato za punda chini ya buibui,
vitisho tulivyolishwa pamoja na uji.
Barke akatikisa kichwa. "Humu hamna jini.
Humu mna nyumba, na nyumba ina njaa."

Kila mmoja akapewa karatasi:
jina la mwanamke wa kubuni, kazi yake, anachokificha,
na sauti kumi, zimechorwa kwa penseli kama mbegu za tikiti.
Upanga hakuna. Shujaa wa kuja na taa hakuna.
Nyumba itakuita.
Kila ukiitika bee, unafuta mbegu moja,
na nyumba inaongezeka chumba.
Ukitaka kunyamaza, rusha dadu,
upate kumi na tano au zaidi.

"Kumi na tano!" Shamsa akateta. "Kunyamaza tu?"
"Jaribu kwako," Barke akamjibu.

Tima akapata mbili.
Mwanamke wake akampikia mgeni asiye na uso,
akamwuliza, chumvi imekolea?
Akapata nne, akafua shuka ambazo hakuna aliyezilalia.
Akapata moja,
na kidole chake cha shahada kikaota chokaa,
kikanata kwenye kidaka, mkono ukafuata hadi kiwikoni,
naye, maskini, anaomba radhi kwa kuchafua ukuta.
Tulicheka mpaka hapo.
Shamsa akaacha kutafuna bisi.
"Huyo namjua," akasema. Hakusema ni nani.

Nyanya yangu alinifunza: ukiitwa usiku usiitike,
ngoja hata mara ya tatu, huenda si mtu.
Na wa mchana je, nyanya?
Mbona wa mchana hukunionya,
wewe uliyeitika miaka hamsini na miwili
hata kasuku wa jirani akaishika bee yako,
akaendelea kuitika wiki nzima
baada ya mazishi?

Zamu yangu. Mbegu imebaki moja.
Nyumba imefika vyumba ishirini na sita,
Barke anavichora nyuma ya kalenda, karatasi imemwishia.
Nikauliza: "Nikitaka kuwa ukuta?"
Akapekua kijitabu, akageuza hata jalada.
"Haikukatazwa," akasema polepole.

Basi sikurusha.
Niliingia kwenye chokaa kwa miguu yangu mwenyewe
nikawakuta, bega kwa bega kama boriti,
wake waliotangulia, hina ingali kuchani,
na hawakuwa wakilia. Walikuwa wakiita.
Ile sauti iliyotufuta mbegu usiku kucha ilikuwa yao,
na hawakutaka chai, hawakutaka shuka safi.
Walikuwa wakimtafuta mmoja
asiyeitika.

Barke alikuwa ameacha kusimulia. Sijui tangu lini.
Haya nilikuwa nikiyasema mimi,
kwa sauti ambayo Tima alisema kesho yake
hajapata kuisikia shingoni mwangu.

Ndipo mlango wa chini ukagongwa. Mlango wa kweli.
"Nyie! Chai i wapi?" Kaka yake Tima, karudi na wenzake.

Vinywa vyetu vikafunguka vyote pamoja,
kama vifaranga.
Shamsa akanitia dadu kiganjani. Lina joto.
Likabingirika, likaruka ukingo wa mkeka,
likaingia chini ya kitanda cha samadari, gizani,
likagonga kitu, likatulia.
Hakuna aliyeinama kulitazama.

Akaita mara ya pili.

Tukangoja ya tatu.